Mchezo Usiofanana na Kitu

Jumatatu, 7 Agosti

Kiti cha Athina bado hakina mtu. Tangu Mei. Wafanyakazi wapya hukivuta wakidhani ni cha ziada, kisha mtu anawakonyeza, nao wanakirudisha polepole kama waliogusa jeneza. Hita imekufa tena. Melbourne nzima inatetemeka na sisi humu ndani tumevaa makoti.

Nimeucheza mchezo wetu wa kompyuta tangu mwanzo. Mwanamke anazamia bwawani kuutafuta mji aliozaliwa, mji uliofunikwa na maji. Hakuna bunduki. Hakuna adui. Unaogelea nyumba kwa nyumba, na mama yako anakuita kutoka chumba cha pili. Sauti ya mama ni Athina. Studio hii tuliianzisha wawili, mimi na yeye, kisha tukawauzia wakubwa wa ng'ambo. "Watatupa nafasi ya kuota," alisema. Alirekodi huku anaumwa, na alijua. "Leonie, nikishakufa angalau watu watakuwa wananitafuta!" Akacheka mpaka akakohoa.

Leo ameniita kutoka jikoni, nikavua hedfoni na kugeuka. Hakuna mtu. Bila shaka hakuna mtu.

Alhamisi, 17 Agosti

Haldane amefika kutoka makao makuu Marekani. Yeye ndiye anayepitisha miradi. Mpole, anabeba chupa yake ya maji kila aendako. Akacheza kidogo, akanywa maji. Kisha:

"Unafanana na mchezo gani?"

Nikamwambia haufanani na wowote.

"Hapo ndipo penye shida." Wala hakusema kwa ubaya. Anasema kule kwao kila mchezo mpya huulizwa ndugu zake ni nani na waliuzaje. Usio na ndugu, hakuna wa kuusemea.

Stavros—kaka yake Athina, fundi wetu wa sauti—akadakia: "Na ule wa kwanza kabisa duniani, bwana, ulikuwa na ndugu gani?"

Haldane akacheka kweli. Akasema ule ulitengenezwa na watu wasio na cha kupoteza.

Jumatano, 30 Agosti

Leo wameletwa watu wa nje kuujaribu. Kijana mmoja mwenye skafu ya timu ya Collingwood alilia waziwazi, hata hakujifuta. Mama mmoja alitoka nje kumpigia simu mama yake! Wote wanaikumbuka ile sauti. Gavan, bosi wetu, akaleta pai za nyama, tukakumbatiana kama tumeshinda fainali.

Jioni likaja jibu la Haldane. Waliolia hawatarudi kesho yake kucheza tena. Mtu akishalia, unamuuzia nini tena?

Ijumaa, 8 Septemba

Wameuua.

Hawasemi hivyo. Wanasema "umewekwa kando." Mchezo mpya waliothubutu kuutoa juzijuzi ulianguka vibaya, wakubwa wakafukuzwa, na tangu hapo hakuna mkono unaotaka kuonekana kwenye saini.

"Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka," Gavan ananiambia.

"Haldane ameumwa lini?"

"Yeye hajaumwa. Ameumwa aliyekuwa kwenye kiti chake."

Studio haifungwi. Ila maji yetu—yale mawimbi, ule mwanga, nyumba zote—yanaingia kwenye *Kikosi cha Chuma*, mchezo wao wa vita, toleo la saba. Askari wataogelea mjini kwetu. "Angalau tuna kazi, Leonie." Gavan ana mapacha wachanga, nyumba ya mkopo. Nilitaka kumtukana. Baadaye nikamwona kwenye gari lake, paji la uso juu ya usukani.

Jumanne, 19 Septemba

Kazi yangu leo: kupanga masanduku ya risasi jikoni kwa yule mama wa mchezoni. Moja chini ya meza. Moja pale dirishani alipokuwa anasimama. Yeye mwenyewe ameshaondolewa.

Kila nikiingia chumba kile nasimama kungoja aniite. Mikono yangu inajua. Haniiti. Kisha nimeenda kuchemsha maji ya chai, ya kweli, jikoni kwetu—na birika lilipoanza kuvuma nikamsikia. Jina langu lote.

Sijamwambia mtu.

Jumatano, 27 Septemba

Haldane kwenye skrini. Toleo la saba linahitaji sauti ya adui wa kike. Tulidhani ataleta mwigizaji.

"Mwigizaji mpya ni bahati nasibu," akasema. "Sauti ya Athina tunayo, mkataba ni wetu, na imeshapimwa. Kila mtu aliikumbuka."

Imepimwa! Siku ile ile iliyotunyima mchezo!

"Ni marehemu," nikasema.

"Najua, na pole sana. Ndiyo maana tutaitunza vizuri."

Stavros akatoka. Aliporudi uso ulikuwa na maji ya bomba.

"Sauti zake nitazikata mimi," akasema.

"Stavros, si lazima. Tutakataa."

"Tukikataa watampa mgeni. Mgeni atamkata kama kitambaa. Acha uwe mkono wa nyumbani."

Alhamisi, 5 Oktoba

Bi Despina amekuja. Mama yao Athina na Stavros. Bila taarifa, na nguo zake nyeusi na kopo la biskuti za ufuta. Nilimkuta mapokezi anasoma majina ukutani.

"Nimekuja kumsikia mwanangu. Kila siku Stavros ananiambia kesho, kesho. Mimi mzee, kesho zangu si za kuchezea."

Hajamwambia! Mchezo umekufa mwezi mzima na mama yake hajui. Nikamkalisha, nikaanza habari za chai. Mlango wa chumba cha sauti ulikuwa wazi kidogo, Stavros anajaribisha kwa spika. Maji. Risasi. Kisha Athina:

"Usi—"

Kwenye mchezo wetu alikuwa anasema, "Usiende mbali, mwanangu." Kimebaki hicho kipande tu. Kila adui akipigwa.

Bi Despina akaweka kopo chini.

"Huyo ni Athina."

"Ndiyo, mama."

Risasi. "Usi—" Risasi. "Usi—"

"Mbona hammwachi amalize?"

Nikasimama mbele ya mlango kama mlinzi wa benki. Akainuka.

"Nipishe, Leonie."

Nimempisha.

Naandika haya nikiwa ngazini. Wako ndani, mama na mwana, mlango umefungwa. Risasi zimekoma. Simu yangu inatetemeka gotini, Haldane, anataka kujua sauti ziko tayari au bado. Inakatika. Inaanza tena.

Ndani mwanamke anaongea Kigiriki, haraka haraka, anacheka katikati ya maneno. Mpaka anakohoa.

Bi Despina hacheki hivyo. Hivyo alicheka Athina.