Ramani ya Kwenda kwa Agape

Matogoro, Songea
14 Agosti 2023

Mwanangu Romanus,

Tumsifu Yesu Kristo. Hujambo huko Chunya? Vumbi la mgodini limekuachia kifua? Mimi nipo, ila miguu inavimba na moyo unakwenda mbio hata nikipanda ngazi za kanisa. Naandika kwa sababu kwenye simu nasikia nusu, na hiyo nusu nyingine wewe unaitikia "ndiyo Mama" kumbe hujaelewa.

Nataka kwenda kwa dada yako Agape. Hukumwona wewe, alikufa hajaanza hata kutembea. Tulimzika kijijini kwetu Lipangwe, nyuma ya Mpitimbi, na mwaka uliofuata ikaja oparesheni ya vijiji, tukapakiwa kwenye lori. Njia ya kule aliijua marehemu baba yako, naye kaondoka nayo. Kila siku ya Marehemu Wote wenzangu wanapalilia makaburi ya watu wao, mimi nawashikia jembe. Inaniuma, mwanangu.

Novemba hii, nyasi zikiwa zimeungua na mvua bado, nataka nimwone kabla sijamfuata. Kile kidude chako cha kazini kinachoonyesha njia porini bila mtandao, huwezi kuniazima? Mjomba wako Saimon atatoka Madaba anipeleke kwa pikipiki yake.

Mama yako,
Kunegunda


Chunya
20 Septemba 2023

Mama, shikamoo.

Milele amina. Mimi mzima, kifua kimetulia. Pole na miguu, na vidonge usiache.

GPS nimekununulia yako mwenyewe, nimempa dereva wa basi. Ila chombo hicho bila ramani hakikusaidii kitu, na ramani anayechagua ni mtu. Nimekaa nazo jioni kadhaa. Kuna ya madereva, inajua lami tu, ukipita Mpitimbi ni kweupe. Kuna ya picha za setilaiti, nzito mno, betri ingewaishia njiani. Kuna ya vilima na mito, lakini haina majina ya vijiji, ni mistari mitupu, ungenitukana. Nimechagua iliyochorwa na watu wa kujitolea, ina vijiji na hata vijia vya miguu. Nikaandika Lipangwe, ikatokea! Nimeweka bendera hapo hapo. Mjomba afuate mshale tu.

Ningekuja mwenyewe, lakini bosi amenikatalia ruhusa.

Mwanao,
Romanus


Matogoro
4 Novemba 2023

Mwanangu,

Salamu nyingi. Sisi tumerudi salama, namshukuru Mungu.

Tulikwenda. Nilibeba maji ya baraka, nikavaa kitenge changu cha kanisani. Mshale wako mtiifu ulitufikisha mbele ya duka la vinywaji, vijana wanacheza pool, na Saimon akasema, "Dada, tumefika."

Nikamwambia, "Hapa ndipo lori lilipotushusha."

Romanus, tulipohamishwa tulihama na jina. Tulilibeba na masufuria yetu, tukaliweka hapo barabarani. Kule walibaki wafu, na wafu hawana wa kuwaandika kwenye ramani. Sikulaumu. Wewe umezaliwa hapa Matogoro, tulikohamia baadaye, ungejuaje? Lakini nililia, mpaka mwenye duka akaniletea kiti.

Sasa ile ramani ya mistari uliyoiogopa, ndiyo niitakayo. Mlima haukupakiwa kwenye lori. Tafuta mito miwili inapokutana, mmoja unashuka kutoka kilima chenye migongo miwili. Tulikaa katikati, upande jua linakochomoza. Kaburi lina mawe meupe ya mtoni. Niliyabeba mwenyewe.

Mama yako


Chunya
26 Novemba 2023

Mama, shikamoo.

Unaendeleaje na moyo? Kosa ni langu, nilichagua iliyo rahisi kusoma. Sasa nimeiona mito yako na kilima chako, vyote vipo kama ulivyosema. Nakutumia kadi mpya ya kutia kwenye GPS, ina ramani ile ya mistari.

Lakini mvua zimeanza, nyasi zitawapita kimo. Tusubiri ziungue. Oktoba nitakuja, hata kama wananifukuza kazi, na nitakubeba mgongoni.

Mwanao,
Romanus


Matogoro
18 Februari 2024

Mwanangu,

Kadi nimeipata. Saimon ameniwashia, nikakiona kilima changu kwenye kioo kidogo kile, nikakipapasa kwa kidole. Asante.

Miguu imegoma kabisa. Oktoba ni mbali, baba. Usinidanganye, nami nisikudanganye. Nisipofika, nenda wewe. Ukimkuta, mwandike.

Mama yako


Matogoro
2 Novemba 2024

Mama, shikamoo.

Nimeandika hivyo kwa mazoea. Tangu Machi hakuna wa kuniitikia marahaba.

Leo nimekwenda na mjomba. Pikipiki tuliiacha mtoni, tukapanda kwa miguu kwenye majivu ya nyasi. Mawe yapo, Mama. Moto umeyatia weusi, nikayafuta kwa shati, yakarudi meupe. Mjomba alisali, mimi nikaweka bendera kwenye GPS. Chombo kikaniuliza jina la mahali. Nikaandika Agape.

Nilichota udongo kidogo, nikaufunga kwenye leso yako. Jioni hii nimeuweka juu ya kaburi lako, upande wa kifuani.

Mwanao,
Romanus