Maharage ya Shukrani

Ijumaa, 4 Julai
Ugali mbichi tena. Mboga: chumvi. Mke wangu, Mama Neema, yuko kwao Iyula, anamsaidia mama yake kuchuma kahawa. Siku anaondoka alisema maneno mengi pale mlangoni. Nilikuwa natengeneza redio. Mwisho akauliza, "Umesikia?" Nikasema ndiyo.

Jumapili ni ibada ya shukrani. Kila nyumba ilete mazao, na baba mwenye nyumba aseme anachoshukuru. Sina. Mgongo unauma, mbuzi kala kabichi, redio imekufa kabisa.

Jumamosi, 5 Julai
Nimepata! Darini jikoni kuna chungu cha maharage. Yamejaa majivu. Mama Neema ni mchapakazi lakini hapa kapitiwa. Nimeyapepeta, nimeyaosha, nimeyaanika. Yanang'aa. Najiona mtu wa maana.

Jumapili, 6 Julai
Nimeshukuru kwa nguvu za kulima. (Alilima mke wangu, lakini ibada ilikuwa ndefu.) Nikasimulia nilivyoyaokoa kwenye majivu. Wanaume walipiga makofi. Wanawake walitazamana.

Mnada nje ya kanisa ulikuwa moto. Jirani yetu Mama Tusa akawashinda wote, akaondoka na maharage. Njiani akanisubiri.

"Baba Neema, mmetoa hadi mbegu? Kwenye majivu si ndiko mbegu inakokaa?"

Mbegu ya mama mkwe. Ile ya madoa, anayompa binti yake tu. Naogopa. Sina hamu hata ya ugali.

Jumatatu, 7 Julai
Asubuhi mbio kwa Mama Tusa. Keshayaloweka. Nilimsihi kama mtoto. Hela hataki. Anataka jogoo wangu mwekundu, fahari ya kijiji chetu kizima cha Ihanda. Nimempa. Nimerudi na maharage yaliyovimba, nimeyaanika. Yamekunjamana. Haya hayaoti hata kwa maombi.

Jumanne, 8 Julai
Mama Neema amepiga simu. Anarudi kesho. Nimefanya mazoezi ya kuomba radhi mbele ya mbuzi. Mbuzi kaondoka.

Jumatano, 9 Julai
Amefika na mkungu wa ndizi. Nikasema yote kabla hajakaa. Hata ya jogoo. Akayatazama maharage, akaanza kucheka mpaka akashika ukuta.

"Haya nilikuachia ya kula. Si nilikuambia pale mlangoni, mboga iko chunguni? Majivu ni ya kuzuia wadudu tu."

"Na mbegu?"

"Mbegu nilikwenda nazo Iyula. Nikuachie wewe? Mimi nakujua, Baba Neema."

Ameyapika na kitunguu. Nimekula sahani mbili. Jogoo wangu amewika kwa Mama Tusa, mke wangu akacheka tena, peke yake, akiosha vyombo.

Ijumaa niliandika sina cha kushukuru. Kumbe yupo mtu anayenijua mpaka akanificha mbegu, na bado amerudi.