Mfalme wa Jumapili Redioni

Venezia, Jumatatu

Dada Filomena,

Pokea salamu kutoka mji ambao hata takataka hupanda boti. Mimi mzima, nimenenepa, na mshona mavazi wetu wa jukwaani ananitukana: "Sabino, punguza tambi, joho la mfalme si hema!" Nikamuuliza, mfalme mwembamba nani atamwogopa?

Lakini barua yako imenifanya nizunguke chumbani kama kuku anayetafuta pa kutagia. Kumbe Baba anafunga bucha na amealika wenzake wote wa karata wanisikilize redioni Jumapili! Domo langu hilo. Miaka sita namwambia naimba nafasi za wafalme na majemadari kwenye michezo ya opera, naye, kwa kuwa nazungumza kwa sauti nene kama yake, akadhani ndivyo ninavyoimba. Sikudanganya, dada, nilinyamazia kipande tu. Jukwaani sauti yangu ni ya juu, ya kike, kama michezo hiyo ya kale inavyowataka wafalme wake waimbe, na watu hutoka Paris kuja kuisikia. Ila kina Nunzio, wenzake hao wa karata, watacheka mpaka wamwage divai, na Baba atakosa pa kuuficha uso.

Hapa nilikuwa nimekuandikia uivunje redio. Nimeyakata maneno hayo, wino si unauona? Sauti hii niliipata kwa Mama, akiimba jikoni huku akimenya nyanya, nami nikimfuatisha. Tangu tumzike, Baba hajaisikia.

Basi iache redio, umkalishe karibu nayo. Akiuliza, "Mwanamke gani huyo?" usimjibu upesi. Mwache amsikilize kwanza.

Mdogo wako, mfalme mwenye tumbo,
Sabino