Doa Langu la Bluu

Mwenzangu uko wapi? Shika simu! Nimeumbuka. Nimeumbuka mbele ya Makamu Mkuu wa Chuo.

Lile doa la bluu unalikumbuka? Kwenye mchoro wa mwanamke anayefua, pembeni kule chini. Doa LANGU. Lililonipa shahada ya udaktari, likanipa na hii kazi ya kutunza michoro ya chuo.

Basi nawatembeza wageni ukumbini, nimepamba moto. Nawaambia, "Hapa ndipo msanii alipoficha huzuni yake." Makamu Mkuu anaitikia kwa kichwa.

Mara mzee mmoja nyuma, fundi rangi wetu mstaafu, ananyoosha kidole. "Mwanangu, hilo si lilinidondoka mimi? Nilikuwa napaka mlango wa stoo, mchoro umeegemezwa hapo chini."

Nikamwambia, "Mzee wangu, utafiti unaonyesha vingine."

"Huo utafiti uliuangalia mlango?"

SIKUWAHI KUUANGALIA MLANGO! Miaka kumi na tisa naufungua kila asubuhi! Tukaenda wote, Makamu Mkuu mbele. Bluu ile ile, mwenzangu. Ile ile!

Halafu mzee, kwa huruma kabisa, akatoa kitambaa mfukoni. "Pole, mwanangu. Nikufutie? Dakika mbili tu linatoka."

Dakika mbili! Mimi nililisomea miaka sita! Nikaruka mbele ya mchoro, mikono nimeitanua kama golikipa.

Sasa hivi nimejifungia stoo, nautazama mlango.

Na ukiutazama vizuri, una huzuni kweli.