Disketi Mfukoni

Alhamisi jioni, Agosti 1997

Viatu alivua mlangoni. Najua alivua, kila siku anavua.

Asubuhi kompyuta ya ofisi iligoma kuwaka: mistari miwili ya Kiingereza kwenye kioo cheusi, basi. Mimi ndiye niliyepelekwa kozi Tabora, wote wakanitazama. Nikapaniki. Nikamwambia bosi mfagizi wetu, Mama Nyamizi, ameingia na viatu, vumbi limeua mashine. Mtu wa umri wa mama yangu! Akabaki ameshika ufagio.

Walipokwenda kunywa chai ndipo nikaona disketi yangu ya kuhifadhia kazi ya jana. Niliisahau ndani ya mashine, nayo ikawa inajaribu kuwakia kwenye disketi hiyo badala ya diski yake yenyewe. Nikaitoa, nikawasha upya, ikawaka vizuri.

Waliporudi nikasema nimetoa vumbi. Bosi akanipa mkono, mpumbavu mimi nikacheka.

Saa za kutoka Mama Nyamizi alinisubiri nje na karanga za shambani kwake Sibwesa, kazifunga kwenye pindo la kanga.

"Asante, mwanangu. Ungeshindwa, leo wangenifukuza."

Nilipaswa kusema ukweli palepale. Nikazipokea kwa mikono miwili, disketi ikiwa mfukoni.