Hatukuizika Picha Yako, Kipkurui

Mwaka mmoja umetimia, Kipkurui, tangu tulipokulaza katika shamba lako la Silibwet, tarehe 9 Aprili 1995, kando ya michai uliyoipanda kwa mikono yako.

Ulikama ng'ombe ukiimba nyimbo za kanisani kwa sauti mbaya sana. Maziwa ya kwanza ulimpelekea jirani aliyejifungua, hata ulipokuwa umenuniana na mumewe.

Mgongo ulipokuuma, tulikukanda. Maumivu yalipozidi, tulimwita mzee wa tiba za kienyeji akakuchoma mgongoni kwa chuma cha moto. Hadi ulipopigwa picha ya eksirei, miguu yako ilikuwa imeshakufa ganzi. Hukutulaumu. Uliiinua picha hiyo dirishani, ukatuambia: "Tazameni. Pingili hizi mbili za uti wa mgongo zimeliwa na kifua kikuu. Si laana. Mtoto wangu akiumwa mgongo, asikandwe, apigwe picha."

Siku ya mazishi, baba yako mdogo, Kipsang, alitaka picha hiyo iwekwe ndani ya jeneza.

"Hiyo ni mifupa yake," alisema. "Mama Kipkurui, unataka tumzike nusu?"

"Nilimzaa mzima, na mzima ndivyo alivyolala," mama yako akamjibu. "Hiyo ni picha. Au picha iliyo katika kitambulisho chako, Kipsang, ndiyo inayokula ugali kwangu kila Jumapili?"

Waombolezaji walicheka. Picha ikabaki nyumbani.

Mwezi wa Agosti, binti yako Chelangat aliacha kuinama. Akiokota kitu, alichuchumaa, mkono gotini, mgongo mkavu kama ubao. Kipsang akaja na mkandaji. Mama yako akasimama mlangoni.

"Hakuna mkono utakaougusa mgongo huu kabla haujapigwa picha!"

Akaibeba picha yako, akampeleka Chelangat hospitalini. Pingili moja tu ndiyo iliyokuwa imeanza kulika. Anameza dawa. Anatembea. Amerudi darasani.

Wako wanaosema kwamba tunachezea mifupa ya marehemu. Waseme. Mwenye mgongo unaomuuma na aje Silibwet aitazame picha hii, kisha aende hospitalini angali na miguu ya kumfikisha. Hatutaizika, hatutaichoma, wala hatutaificha.

Unakumbukwa na mama yako Tecla, mke wako Nelvine, watoto wako Chelangat na Kimeli, dada yako Rodah, na baba yako mdogo Kipsang, aliyeomba mwenyewe jina lake liwemo.

Maadamu tunaishi, hutasahaulika.