Anayempigia Mama na Kunyamaza

Mdogo wangu Mwinyi,

"Siku hizi hakuna ughaibuni. Sauti inasafiri kwa intaneti, tena bure. Asiyempigia mama yake hataki tu." Ndivyo ulivyoniandikia kwenye kundi la familia, mbele ya mashangazi na watoto wao, na watu wakakuwekea dole gumba. Umekosea, na nitakuonyesha ulipokosea. Lakini kwanza marahaba, kwa ile shikamoo uliyoisahau. Hujambo? Shemeji hajambo? Wanao? Mvua zimefika Pongwe? Mimi mwili ni mzima, namshukuru Mungu. Hayo mengine utayaona mbele.

Hapa Rotterdam nimepanga chumba cha ghorofani, na kwenye ngazi hakuna anayesalimu mtu. Mwanzoni niliwaamkia majirani mmoja mmoja. Wakaanza kunipisha kwa haraka, kama wanampisha mwenye kuomba. Nikaacha. Ijumaa nikitoka msikitini navua koti, nakaa kitandani, nampigia mama. Simu inalia, inalia, inakatika. Hivyo ndivyo tangu Ramadhani. Nikadhani anaumwa. Kisha nikadhani, na hili lilinikaa vibaya zaidi, kwamba amekusikiliza wewe na moyo wake umeniacha.

Kazi yangu unaijua kwa jina tu, ndiyo maana unaisemea. Kampuni yetu huchukua sauti za watu kwenye intaneti na kuzivusha hadi kwenye simu za kawaida, hata kitochi cha mama. Wewe umesoma tangazo. Mimi nakaa na mtambo wenyewe. Intaneti na simu ya kawaida ni nyumba mbili tofauti, na mtambo ndio mlango wa katikati. Hata nikipiga kwa laini ya huku mtaani, sauti yangu hupita mlango huohuo. Na hiyo intaneti unayoringia, pale kwa mama hushika ukitoka mpaka barabarani, naye magoti yake unayajua.

Juzi sikuvumilia, nikafungua kumbukumbu za mtambo na kuitafuta namba yake. Mwinyi, simu zangu zote zilipokelewa. Zote. Mama alikuwa anapokea.

Anayekata ni mtambo. Tangu ulipobadilishwa, huanza kwa kusikiliza, kwa kuwa siku hizi simu nyingi hupokewa na mashine. Ukisikia mtu amesema "halo", unatuunganisha. Ukisikia kimya, unadhani ni mashine, unakata, na mimi huku nimesikia mlio tu. Sasa mama yetu hupokeaje simu? Anaiweka sikioni, anangoja. Kwake yeye, anayepiga ndiye aliyekuja, basi ndiye wa kubisha hodi na kutoa shikamoo. Ametulea hivyo, nasi hatukuona ajabu.

Nikaenda kwa msimamizi wangu, mwanamke wa hukuhuku, nikamweleza.

"Nani anapokea simu halafu ananyamaza?"

"Mama yangu."

"Amekasirika?"

"Ana adabu."

"Basi mwambie aseme halo."

"Nimwambie kwa simu gani, bibi?"

Alicheka. Mimi sikucheka. Nikamwambia kwamba wazee wa kwetu wengi hupokea hivyo, na mtambo unaowaona hao kuwa mashine umetengenezwa na watu wasiowahi kukaribishwa nyumbani kwa mtu. Nikawaandikia wakubwa. Wakajibu kwamba wateja wengine hawajalalamika. Watalalamikaje, nao wanadhani mama zao hawapokei?

Sasa rudia ujumbe wako wa pili, ule wa jana: "Kuna tapeli wa nje anampigia mama kila Ijumaa. Mama akipokea, jamaa ananyamaza. Nakwenda kumbadilishia laini." Mwinyi, tapeli huyo ni mimi. Miezi yote hii mama amekaa na simu sikioni akiningoja niseme, nami nimekaa huku nikingoja apokee. Sauti inasafiri bure, unasema. Njoo ukae kwenye chumba hiki Ijumaa moja, kisha uniambie tena ni bure.

Na usinijie na hoja ya kumfundisha mama aseme "halo" kwanza. Najua ndiyo itakayokutoka. Nimegombana na wakubwa wa huku, na nitagombana nao tena. Sitamtaka mama, katika umri wake, aanze kumwamkia mwanawe.

Nisalimie shemeji, na kaka yake fundi baiskeli. Shangazi wa Moa aliyenilea nilipoachishwa ziwa, mpe shikamoo yangu. Mjomba muuza nazi mwambie kofia yake nimeipata, naivaa. Hao mashangazi waliokuwekea dole gumba wasomee barua hii yote, usiruke mstari.

Wewe, Mwinyi, laini ya mama usiiguse. Ijumaa, mkishasali, panda bodaboda uende Kigombe kwa mama. Simu ikilia ichukue wewe, upaze sauti: soma dua, taja bei ya unga, nitukane, lolote, ila usinyamaze. Ukinisikia, usianze kubishana nami. Mpe mama simu, umwambie mwanawe yuko mlangoni, anabisha hodi.

Kaka yako,
Bakari